Uso Orijino, Mashine Feki

27 Oktoba
Mvua ya kwanza. Ilianza na upepo wa vumbi, bati la kibanda cha jirani yangu Melania likanyanyuka upande mmoja, na dagaa wake aliowaleta juzi kutoka Nkome wakalowa wote. Tuliwakusanya kwa mabeseni, tukawamwaga juu ya meza yangu ya saa. Ofisi nzima inanuka ziwa.

Mvua ikinyesha Ushirombo hakuna anayekumbuka kutengeneza saa. Nimeamua kuandika kidogo kidogo, kwa sababu msimu wa mvua uliopita nikiutafuta kichwani siuoni. Najua ulipita, basi.

28 Oktoba
Betri mbili. Mvua.

30 Oktoba
Amekuja mwanamke mrefu, kilemba cheusi, Kiswahili cha kule Mara, maneno yanatoka kama amri. Ameamkia, nikaitikia, kisha akauliza fundi yuko wapi.

"Ndiye mimi."

Akaniangalia mikono, kama wote wasiotarajia fundi mwanamke. Baba yangu alitengeneza saa za mapadri wa misheni hapa, na alipokufa nilirithi meza, lenzi ya jichoni na wateja wachache. Watu huzoea.

Akatoa saa. Kwa mbali ni ile saa ya Uswisi ambayo kila mwenye duara, shimo la machimbo, linalotoa dhahabu anaitamani. Nikaiweka chini ya lenzi, nikamwambia ukweli: feki, ingawa feki nzuri.

"Najua," akasema. "Nimeagiza Kariakoo nikijua."

Akafungua leso. Ndani kulikuwa na uso wa saa, mishale, cheni, mfuniko wa nyuma, na kile kifungo cha pembeni cha kutilia ufunguo. Vyote orijino. Vitu kama hivyo sijavigusa tangu enzi za baba.

"Nataka hivi viingie humu."

"Kwa nini, mama?"

"Vitaingia au haviingii?"

Nikasema vingine vitaingia vyenyewe, vingine mpaka vilazimishwe.

"Basi vilazimishe," akasema. Anaitwa Ghati.

Sielewi. Mwenye vipande hivi lazima alikuwa na saa yenyewe. Hiyo saa iko wapi?

2 Novemba
Cheni imekaa vizuri. Katikati ya viungo vyake kuna udongo mwekundu ulioganda kama saruji. Nimeusugua kwa mswaki na maji ya moto. Maji yakawa mekundu, nikamwaga, yakawa mekundu tena.

3 Novemba
Mvua. Melania amekuja kuazima mwavuli.

5 Novemba
Nimemweleza Melania habari za ile saa, bila kutaja jina la mtu. Akasema hiyo mbona inajulikana: wanatia vipande vya kweli kwenye saa ya uongo, halafu wanamuuzia mnunuzi wa dhahabu kwa bei ya saa ya kweli. Anasema kule Katoro mmoja alikamatwa na watu, akapigwa mpaka na fundi wake akatafutwa.

"Na fundi alikosa nini?" nikauliza.

"Asteria, wewe nawe! Si ndiye aliyetia?"

Baba alikuwa akisema kazi ya fundi ni kutengeneza kilichoharibika. Hii haijaharibika. Inatembea vizuri tu, ni feki inayotembea. Sasa mimi natengeneza nini?

9 Novemba
Ghati amerudi. Nimemwonyesha cheni na mfuniko, ameridhika. Anataka iishe kabla ya Krismasi. Kisha akaniuliza swali ambalo limenikalia vibaya siku nzima:

"Mtu ambaye haoni vizuri, akiipapasa tu, atajua?"

"Mtu gani?"

"Mtu aliyeivaa miaka mingi."

Nikamwambia sijui. Alipoondoka niliiweka saa kwenye droo nikafunga na ufunguo, kama mtu aliyeficha bangi ya mwenzake.

12 Novemba
Umeme hakuna. Nimepanda mahindi nyuma ya nyumba.

14 Novemba
Leo amekuja mwanamume, buti za matope, shati safi. Ameniamkia kwa heshima, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Mama, kuna mwanamke ameleta hapa vipande vya saa."

Nikaendelea kufuta lenzi.

"Naitwa George. Yule ni mke wa marehemu kaka yangu. Saa ile ni ya baba yetu, Mzee Bujiku. Anataka kumpa baba bandia."

Nikauliza kama saa ya kweli anayo yeye Ghati. Akacheka vibaya. "Umeiona mwenyewe, mama. Ile iliyobaki ndiyo hiyo iliyo mezani kwako." Akainama. "Ule uso umeshaukata?"

Nikashtuka. Huyu anajua kidogo habari za saa. Uso wa saa una miguu miwili midogo kwa nyuma, kama sindano, inayoingia kwenye matundu mawili ya mashine. Mashine ya Kariakoo ina matundu yake mahali pengine. Ili uso orijino ukae juu ya mashine feki, lazima ile miguu ikatwe na uso ugandishwe kwa gundi. Ukishakata, hakuna kurudi. Uso ule hautakaa tena kwenye saa ya kweli mpaka dunia iishe.

"Bado," nikasema.

"Usikate. Nakuomba kama mama yangu. Mwambie chochote, lakini usikate."

Alinitazama machoni alipokuwa akisema, na mimi nikamwamini. Pia moyoni nilifurahi kwamba nilikuwa sahihi kumshuku yule mwanamke. Hilo la kufurahi sikulipenda.

16 Novemba
Nimemwambia Ghati gundi inatoka Mwanza.

20 Novemba
Nimemwambia Ghati umeme unasumbua.

23 Novemba
Nimemwambia Ghati gari la Mwanza limekwama njiani. Amekaa kwenye benchi karibu mchana kutwa akitazama mvua, mikono katikati ya magoti. Mtu mwenye haraka ya kutapeli angekaa hivyo? Sijui matapeli hukaaje.

24 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Mahindi yameota.

28 Novemba
Leo ameingia bila kunisalimu.

"George alikuja hapa."

Nikavuta droo, nikaifunga tena.

"Gundi imekwama, umeme umekatika, gari limezama. Mama Asteria, ungeniambia tu hutaki kazi. Mimi ni mtu mzima."

Nikamwambia ninachojua: kwamba saa si yake, kwamba anataka kumdanganya mzee asiyeona vizuri, na kwamba mimi nina jina langu hapa mjini. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka Melania akatoka kibandani.

Ghati hakupandisha sauti. "Twende nyumbani ukamwone. Ukishamwona, ukisema hapana, nitachukua vipande vyangu na sitakusumbua tena."

Kwa sababu ya maji barabarani tumekubaliana twende mvua ikipungua.

1 Desemba
Nimekwenda. Naandika yote kwa sababu nikilala nalo litabadilika.

Nyumba iko nje ya mji, upande wa mashamba ya mpunga. Nyumba kubwa ya zamani, ya mtu aliyewahi kuwa na kitu. Mzee Bujiku alikuwa kibarazani kwenye kiti cha kamba, koti limefungwa vifungo vyote. Macho yana ukungu. Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha, kisha akanisalimu tena kwa Kisukuma, "Mwadila," na mimi nikaitikia kama ninavyojua.

"Umetoka mjini?"

"Ndiyo, baba."

"Barabarani hukukutana na Mwigulu? Kijana mrefu. Amechukua saa yangu, ameenda nayo duarani. Alisema ataileta Jumamosi."

Nikamtazama Ghati. Alikuwa akimimina uji kwenye kikombe.

"Atakuja, baba," akasema.

"Atakuja lini?"

"Jumamosi."

"Kila siku Jumamosi!" Mzee akapiga fimbo sakafuni. "Wewe Mkurya unamficha mume wako. Kwa nini unamficha? Amekukosea nini?"

"Simfichi, baba. Kunywa uji."

Akanywa. Kabla kikombe hakijaisha aligeuka kwangu, akanisalimu upya, akauliza kama nimetoka mjini, na kama barabarani sikukutana na Mwigulu.

Ghati alinipeleka jikoni. Alinieleza akiwa anachochea kuni, hakunitazama. Duara lao kule Katoro lilianguka mwezi wa tatu, wakati wa masika. Walimtoa Mwigulu siku ya pili. Saa ilikuwa mkononi, kioo kimesagika na mashine imekuwa unga, lakini uso haukuvunjika. Wakamzika kwao Samuye.

"Baba alikuwepo. Alitupa udongo kaburini kwa mkono wake. Kesho yake akaniuliza Mwigulu amekwenda wapi."

"Hamkumwambia?"

"Tumemwambia. George alimwambia, padri akamwambia. Kila akiambiwa analia kama ndiyo kwanza anasikia, halafu anasahau kilio, anauliza tena. Sasa mimi nasema Jumamosi. Mama, unajua ni kitu gani kukaa na mtu anayekuuliza mume wako yuko wapi, na wewe unajibu anakuja? Mpaka jioni nakuwa nimechoka, na mimi mwenyewe naanza kusikiliza mlango." Akakoroga tena moto usiohitaji kukorogwa. "Anauliza saa kuliko anavyomuuliza mtu. Akiipata, labda atatulia. Ndiyo hiyo tu."

Nimerudi kwa miguu kwenye matope. Siku hizi zote nilikuwa namwita tapeli moyoni. Kumbe. Lakini bado anataka kumdanganya, si ndiyo? Au hapana?

2 Desemba
Sikufungua ofisi.

6 Desemba
George amekuja. Nilikuwa nimejiandaa kumsema. Nikamwambia nimeenda, nimeona, na kwamba aone aibu kumzuia mjane kumtuliza baba yake.

Alisubiri nimalize.

"Mama, mimi siitaki ile saa. Hata ningeokota njiani nisingeivaa. Imetoka mkononi mwa kaka yangu akiwa maiti."

"Basi unataka nini?"

"Baba alikuwa mnunuzi wa dhahabu miaka mingi. Alikuwa akishika punje anakwambia imetoka shimo gani. Hakuna aliyewahi kumdanganya. Leo tumdanganye sisi, watoto wake?" Niliona kuna jingine. "Na tena... Ghati hawezi hata kulitaja jina la Mwigulu. Mimi pia siwezi, nikilitaja nakabwa. Pale nyumbani anayelitaja ni baba peke yake. Mwigulu yuko wapi, Mwigulu anakuja lini. Mimi nakwenda pale jioni nakaa tu nimsikie akiuliza. Akipewa saa akaacha kuuliza, nani atakuwa anamtaja?"

Akafuta uso kwa shati lake safi.

Nimebaki na uso wa saa kwenye kiganja. Kila mmoja akiongea naona yeye ndiye mwenye haki. Akitoka, haki inatoka naye, nabaki na vipande.

8 Desemba
Melania anasema ningevirudisha vipande vyote, nisiingie kwenye mambo ya ukoo wa watu. Labda.

10 Desemba
Mvua kubwa. Mto umekata barabara ya Kahama.

13 Desemba
Mteja mmoja, betri moja.

17 Desemba
Mzee Bujiku amepotea leo.

Ghati alikuja akikimbia kabla ya saa sita, kilemba hakipo, akauliza kama mzee amepita hapa. Alikuwa ameenda kisimani tu. Aliporudi kiti kitupu. Nilifunga ofisi, Melania akafunga kibanda, tukaingia mvuani. Mvua ilikuwa ya kukata masikio, hata ukiita husikiki. Watu wa sokoni walitusaidia, wengine upande wa misheni, wengine mashambani. Kwenye majaruba ya mpunga maji yalikuwa yamefika magotini, na kila kisiki nilichokiona nilidhani ni yeye.

George ndiye aliyempata. Alikuwa njia panda, pale magari ya Katoro yanaposhushia watu, amekaa chini kwenye matope, koti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Nilifika George akiwa amepiga magoti mbele yake.

"Jumamosi leo," mzee alikuwa akisema. "Nimekuja kumpokea. Magari yote yanapita, hashuki."

"Twende nyumbani, baba."

"Na wewe nani?"

"George, baba."

"George, kaka yako ana saa yangu. Mwambie sina shida na saa, aje tu yeye."

George alimbeba mgongoni. Mtu mzima amembeba mtu mzima, mvua inawapiga, na Ghati nyuma ameshika miguu ya mzee isiburuzike. Walimpeleka zahanati. Kifua kimembana.

Alasiri George alikuja ofisini, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni. Hakukaa.

"Kata, mama."

18 Desemba
Mzee yuko nyumbani, ana homa, anakunywa dawa.

Nimekaa na uso wa saa mbele yangu, sijakata. Jana alisema hana shida na saa, aje tu mtu. Kila mmoja alisikia. Hakuna aliyelisema.

19 Desemba
Nimekata. Mguu wa kwanza ulitoka bila sauti. Wa pili ulirukia sakafuni, nikautafuta kwa magoti kama ni kitu kitakachohitajika tena. Nikausugua uso kwa nyuma, nikagandisha. Mishale ilikuwa na matundu membamba kuliko mhimili wa mashine ile, ilibidi niyapanue polepole, nikiogopa kuipasua. Kifungo cha pembeni kimenisumbua mpaka nikabadilisha hata bomba linamoingia. Jioni ilikuwa inatembea.

Nimeitazama sana. Ukiniuliza ni orijino, nitasema hapana. Ukiniuliza ni feki, mdomo hautaki.

23 Desemba
Tumempelekea. Ghati aliniomba niwepo, ikikataa kutembea niwe karibu.

Mzee alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, amepungua sana. George alisimama karibu na dirisha. Ghati akaketi ukingoni mwa kitanda, akaiweka saa kwenye kiganja cha mzee.

Vidole vyake vilianza kutembea. Cheni kwanza, kiungo kwa kiungo. Kisha mfuniko wa nyuma. Akaipeleka sikioni. Sauti ya mashine ile mimi naijua, ina haraka.

"Hii ni yangu," akasema.

Ghati alishusha mabega. Nilimwona George akifumba macho.

Kisha mzee akasema, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani: "Nilimfunga mwenyewe mkononi. Nikamwambia asiivue mpaka arudi. Mwigulu hanivunjii neno." Akageuza uso kutafuta watu chumbani. "Nani amemvua?"

Nilitaka kusema chochote, kwamba mimi ni fundi, kwamba ililetwa kwangu. Nilimtazama Ghati nikijua atasema Jumamosi.

"Mimi, baba," akasema. "Mimi ndiye niliyemvua."

"Alikuwa amelala?"

"Alikuwa amelala, baba."

"Ulimfuta udongo?"

"Nilimfuta. Usoni, na mikononi. Nilimfuta wote."

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Machozi yalimtoka bila sauti yoyote, yakafuata mikunjo ya uso mpaka kwenye kola.

"Wabeja, ng'wanone," akamwambia. Asante, mwanangu. Ghati ameolewa nyumba ile miaka mingi, na kwa jinsi alivyoinama na kuficha uso kwenye blanketi nadhani hajawahi kuitwa hivyo.

George alitoka dirishani, akaketi sakafuni karibu na kitanda, akaegemeza kichwa kwenye mguu wa baba yake. "Mwigulu," akasema. Hilo jina tu. Akalirudia, na safari hii halikumkaba.

Niliondoka bila kuaga. Tulikwenda kumdanganya mzee, na badala yake akajua. Au labda tulikwenda kumwambia, na hatukujua.

25 Desemba
Krismasi. Melania ameleta wali. Sina la kuandika, nimekula sana.

29 Desemba
Nimesikia mzee anaendelea vizuri. Siku nyingine anamkumbuka Mwigulu kama marehemu, anaomba waimbe nyimbo za msiba. Siku nyingine anamsubiri. George anashinda pale.

5 Januari
Jua leo, kisha mvua mchana. Ghati amekuja, saa ikiwa mkononi mwake, inazunguka mpaka kwenye kiwiko.

"Amenipa," akasema. "Anasema aliyemvua ndiye aivae. Nilidhani kesho yake atasahau. Kila asubuhi ananishika mkono kuona kama ninayo."

Anataka ipunguzwe. Nimetoa viungo vitatu vya cheni, udongo ukadondoka tena mezani, kidogo, mwekundu. Ghati aliukusanya kwa ncha ya kidole, hakujua auweke wapi, mwisho akauweka kwenye leso pamoja na vile viungo.

Nimemuuliza kama inatunza muda.

"Inakimbia," akasema. "Iache ikimbie."

"Na George anasemaje kuhusu wewe kuivaa?"

Akaonyesha nje kwa kidevu. George alikuwa juu ya pikipiki kwenye mvua, kofia imelowa, anajifanya anatazama upande wa soko.

"Ndiye aliyenileta. Anaona haya kuingia, anasema alikusumbua."

Nimetoka mpaka mlangoni, nikamwambia aingie, chai ipo, na hapa kwangu hatusubirishi watu mvuani. Akaingia, akajikunguta maji mlangoni, akaketi kwenye benchi karibu na shemeji yake.